Kompyuta Iliyokuwa Ikilishwa

Inzi ndio waliomtia Zakia wasiwasi. Walikuwa wametua nyuma ya kompyuta, kwenye matundu ya kutolea joto, wamebanana kama wanavyobanana kwenye ndoano ya buchani. Feni ilikuwa inazunguka na kuwapiga upepo wa moto, nao hawakuruka. Akawapunga kwa kitambaa. Wakainuka, wakazunguka mara moja juu ya meza, wakarudi palepale.

"Baba Martina, humu ndani hajafia panya kweli?"

"Panya gani tena?" Ngassa alijibu upesi, kabla swali halijaisha. "Vumbi tu hilo. Wewe piga windows, mwanangu, hayo mengine achana nayo."

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, wiki ya tatu ya Kwaresima, katika duka la steshenari la Ngassa pale senta ya Mwakitolyo. Zakia alikuwa binti wa Kahama, fundi wa kompyuta, amekuja na basi la kwanza. Ngassa alimwita kwa sababu windows ya kompyuta yake ilikuwa ya zamani mno. Mitandao ya kuombea kazi na vyuo ilikuwa imeanza kuikataa, na vijana waliokuja kujaziwa fomu walikuwa wanaondoka wanasonya. Hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine Ngassa alikuwa ameificha, na harufu yake ndiyo iliyokuwa inawaita wale inzi.

Ukiingia dukani ulipokelewa kwanza na dawa ya kupuliza yenye manukato ya maua. Ukikaa kidogo, chini ya yale maua unasikia kitu kingine, kama pumzi ya mtu aliyelala na nyama katikati ya meno. Mimi ninayeyaandika haya nimepiga picha za pasipoti hapo mara mbili. Niliisikia, nikabana pua, nikamshukuru Mungu kwamba si nyumbani kwangu. Hilo nalo ni kosa, naliungama.

Zakia akatoa kwenye begi lake diski nyeusi, ukubwa wa kipande cha sabuni.

"Kwanza bakapu," alisema. "Windows mpya ikiingia, vya zamani vyote vinafutika. Kwa hiyo kila unachokitaka nakihamishia kwenye hii eksteno yangu, nikimaliza nakurudishia. Una nini cha muhimu?"

"Hakuna. Futa vyote."

Zakia alicheka. "Hakuna mteja aliyewahi kuniambia hivyo. Hata wenye kompyuta ya juzi wana picha za harusi."

"Nimesema futa, binti. Futa mpaka mwisho."

Pazia la mlango wa nyuma likavutwa. Nyumba yao ilikuwa huko nyuma ya duka, na aliyetokea alikuwa mke wa Ngassa, Limi, mikono ina unga wa maandazi.

"Hakuna cha muhimu, Baba Martina?" aliuliza taratibu. "Video ya mwanangu si ya muhimu?"

Ngassa akatazama sakafu.

Martina alikuwa mtoto wao wa pekee. Alifariki miaka miwili nyuma, ana miaka saba, kwa homa ya siku tatu. Picha zake zilikuwepo, lakini sauti yake ilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kompyuta ile. Ilikuwa video ya dakika moja na sekunde arobaini, anaimba kanisani na watoto wenzake, pengo la jino la mbele linaonekana kila akifungua kinywa. Limi aliwahi kuwa nayo kwenye simu, na simu ikatumbukia chooni. Tangu hapo, kila siku baada ya chakula cha mchana, alivuta kiti mbele ya kompyuta, akaitazama mara moja, akarudi jikoni. Hakuwahi kuikosa hata siku moja.

"Mengine yapotee yote," Limi alimwambia Zakia. "Hiyo isipotee, ng'wanone, mwanangu. Nakuomba kama mama yako."

"Haipotei, mama. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Akachomeka diski, akaanza kunakili. "Hii taa yake ikiacha kupepesa, ujue vyote vimeshahama," alimwambia Limi. Mafaili yalikuwa elfu nne na zaidi: barua, fomu, picha za wachimbaji wamekodoa macho mbele ya kitambaa cha bluu. Yalihama moja baada ya jingine bila shida, na Zakia akakaa kunywa chai. Limi hakurudi jikoni. Alikaa pembeni, anaangalia mstari wa kijani ukisogea kana kwamba anaangalia dripu ya mgonjwa. Ngassa naye alisimama mlangoni, mgongo kwa barabara, na jasho lilikuwa limelowesha shati lake kwapani ingawa jua lilikuwa bado halijakaza.

Saa sita kasorobo umeme ulikatika.

Mashine ya kusaga ya jirani ikanyamaza. Redio ya kinyozi ikanyamaza. Pangaboi la dukani likapunguza mwendo, likasimama. Kompyuta ikaendelea.

Zakia aliuangalia mstari wa kijani, akaangalia taa ya soketi iliyozimika, akainama chini ya meza.

"Una UPS?"

"Iliungua mwaka juzi," Ngassa alisema.

"Sasa hii inatumia nini?"

Akaweka kiganja ubavuni mwa CPU, na bati lilikuwa la moto, lakini si moto wa chuma. Lilikuwa na joto la tumbo la mnyama aliyetoka kulishwa, na ndani yake kitu kilikuwa kinagonga polepole, kikapumzika, kikagonga tena. Aliondoa mkono akaukuta unateleza. Akaunusa bila kutaka.

"Audhubillahi," alinong'ona. "Baba Martina, hii mashine umeifanya nini?"

"Maliza kazi yako, binti," Ngassa alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Nakusihi. Ifute tu."

Mafaili yote yalikuwa yameshahama isipokuwa moja. Lilikuwa la Martina. Mstari wa kijani ulifika katikati, ukasimama, na muda uliobaki, badala ya kupungua, ukaanza kuongezeka: dakika mbili, dakika kumi na tisa, saa sita.

"Mama, umesema video ni ya muda gani?"

"Dakika moja na sekunde arobaini."

"Mbona humu inasoma ina urefu wa saa nzima, tena unaongezeka nikiwa naangalia? Ngoja niifungue, labda imeharibika."

"Usiifungue!" Ngassa alisema.

Limi alimgeukia mumewe. Miaka kumi na moja ya ndoa hajawahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Fungua," alimwambia Zakia.

Martina akatokea, gauni jeupe, viatu vikubwa kuliko miguu, anaimba na wenzake kwa ile sauti nyembamba ambayo Limi aliijua kila pumzi yake. Wimbo ukafika mwisho. Hapo ndipo video ilipokuwa inakatika siku zote, mguu wa kwanza wa watoto ukiinuka kutoka madhabahuni. Safari hii haikukatika. Watoto wengine waliondoka wote, kanisa likabaki tupu na kuanza kuwa giza ingawa dirishani palikuwa mchana, na Martina akabaki amesimama peke yake, akaja polepole kuelekea kwenye kamera, anatafuna, mashavu yanakwenda juu na chini, mate mekundu yanamtoka pembeni mwa mdomo na kudondokea kwenye gauni, na alipofika karibu kabisa mpaka uso ukajaa kioo chote akafungua kinywa, na kwenye lile pengo la jino palikuwa pamekwama unyoya wa kuku, umelowa, unapepea kwa pumzi yake.

"Baba," alisema kupitia spika ndogo za mezani, "mbona mwezi huu hujaniletea?"

Inzi walikuwa wamehamia kwenye kioo, wanatembea juu ya mdomo wa mtoto.

"Kukuletea nini?" Limi aliuliza, anamuuliza mumewe bila kumtazama. "Baba Martina. Anaulizia nini?"

Ngassa alikuwa amekaa chini sakafuni.

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Ngassa alichimba dhahabu miaka minane kabla mgongo haujamshinda. Huko kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, karasha mpya, ile mashine ya kusagia mawe, haiwashwi hivihivi. Wapo waaminio kwamba dhahabu ina wenyewe, majini, na mashine isiyowaomba ruhusa wenyewe itakata mkono wa mtu. Kwa hiyo kuku anachinjwa, damu inamwagwa kwenye vyuma. Nisijifanye msafi: mimi nami nimewahi kumshika kuku miguu, na Jumapili yake nikapokea ekaristi. Ngassa alipoacha shimo na kununua kompyuta, hakujua mashine nyingine yoyote maishani ila karasha. Akaifanyia kama alivyozoea. Aliifungua bati la ubavuni, akachinja jogoo, akamimina damu chini kabisa ambako hapana waya, akasema, "Mwenyewe, pokea. Usinizimikie."

Nayo haikuzima. Radi iliunguza televisheni za mtaa mzima, kompyuta yake ikabaki. Virusi havikuingia. Basi akaendelea, kila mwezi ukiandama, kuku mmoja. Limi alimwona akichinja, akapika nyama, hakuuliza damu inakwenda wapi. Kwaresima ilipoingia, Ngassa alikwenda kuungama. Alitaja ulevi, alitaja hasira. Hilo alilimeza. Lakini aliapa moyoni kuacha, na akafikiri kwamba akimwita fundi akaifuta mashine yote, na kilichomo kitafutika bila mtu kujua.

Aliyasema hayo yote pale sakafuni, kwa kunong'ona, kama anaogopa kusikiwa na kitu kilichokuwa mezani.

Zakia alitaka kukimbia. Aliniambia hivyo mwenyewe. Alichukua bisibisi badala yake, kwa sababu aliona bora akione kuliko kukiwazia. Akalegeza skrubu nne, akavuta bati, nalo halikutoka kirahisi. Lilitoka kwa sauti ya kigaga kinachobanduliwa kwenye kidonda kibichi, na uzi mrefu wa ute mwekundu ukavutika pamoja nalo mpaka ukakatika. Harufu ikalipuka. Ndani hapakuonekana tena waya wala kadi, bali tope zito jeusi limejaa mpaka nusu, juu yake manyoya ya kuku waliochinjwa kwa miaka sita yameota kama yamepandwa, na katikati ya manyoya funza wanene, weupe, wanakwenda wote upande mmoja kisha wote upande mwingine, pamoja, kwa mpigo ule ule aliokuwa ameusikia kiganjani. Damu ilikuwa mbichi. Mwezi mzima haikuwekwa nyingine, na ilikuwa mbichi, ina povu. Kitu cheupe kikapanda juu ya tope, kikageuka kwenye mwanga.

Kilikuwa jino la mtoto.

Limi alitapika pale pale, kwenye aproni yake ya maandazi. Alipomaliza akajifuta kwa mkono, akauliza kwa sauti ndogo sana, "Jino la mwanangu limefikaje humo?"

"Sikuliweka mimi, Mama Martina. Namwapia Mungu sikuliweka."

"Sijauliza nani kaliweka."

Ngassa alilia kwanza, kisha akasema. "Mwezi ule alioumwa, nilikuwa nimesafiri kwenda Nkome kwa dada. Nilisahau kuku. Nilirudi siku ya pili ya homa. Nikamchinja kuku upesi, lakini..."

Limi hakumpiga. Hakupiga yowe. Alisema tu, "Mwite katekista," na Ngassa akatoka mbio bila viatu.

Mzee Pantaleo, katekista wa kigango, alikuja kwa baiskeli na chupa ya maji ya baraka mfukoni mwa koti. Alikuwa mtu mfupi, mwenye utani, aliyewafundisha katekisimu nusu ya watu wa senta ile. Alipofika mlangoni utani ulimwishia. Akatoa leso, akajifunga puani.

"Yesu na Maria. Nilidhani mmeniitia mgonjwa." Akafungua chupa.

"Mzee, maji yatapiga shoti," Zakia alisema, mazoea ya kazi yakimtangulia.

"Umeme umekatika, binti yangu. Hiyo haipigi shoti kwa umeme wa serikali." Akanyunyiza.

Tope likachemka. Spika zikatoa kilio cha mtoto anayeungua, "Mama! Mama, ananichoma! Mwambie aache, mama!" na Limi akaruka kutoka kwenye kiti, Ngassa akamdaka kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye matapishi, na yule mzee akazidi kusali kwa sauti ya juu inayotetemeka, jina la Mungu juu ya jina la Mungu, huku sauti ya mtoto ikibadilika, ikawa nzito, ikawa kama ya mtu anayeongea akiwa na maji kooni, ikasema, "Mimi nimealikwa. Nililetewa chakula nikiwa nimelala, nikaitwa mwenyewe. Kama mnanitoa, natoka na wangu," kisha ikarudi kuwa ya Martina, nyembamba, inayodeka, "Mama, usinifute."

"Si mtoto wako," Mzee Pantaleo alisema. "Mama Martina, nisikilize. Mtoto wako yuko kwa Mungu, hana njaa. Hicho kina njaa. Vyote vilivyomo vifutwe, na hiyo video. Binti, inawezekana?"

Zakia alikuwa ameshachomeka flashi yenye windows mpya. Kwenye kioo, juu ya uso wa mtoto, lilitokea swali kama yupo radhi kufuta kila kitu. "Siwezi, mzee. Abonyeze mwenyewe."

Ngassa aliinua mkono, akaushusha.

Limi akasimama. Alikuja mezani, uso umelowa. Zakia alimwona akitazama kando, si kwenye kioo, akaitazama ile diski nyeusi. Taa yake ndogo iliyokuwa inapepesa asubuhi nzima ilikuwa imetulia. Alitazama kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akabonyeza, bila kusita, mpaka Zakia akashangaa.

Kilio kilikatika katikati. Inzi walianguka mezani wote kwa pamoja, kama kokoto. Kioo kikawa cheusi, na kile kitu ndani ya bati kikagonga mara mbili, kikaacha.

Jioni ile waliibeba CPU kwa koleo mpaka kwenye kifusi cha duara lililoachwa, wakaimwagia dizeli, Mzee Pantaleo akasali mpaka ikabaki bati jekundu. Ngassa aliungama tena, safari hii lote. Zakia alipoulizia diski yake nayo ichomwe, Limi alimshika mikono. "Nimeitupa chooni, mwanangu. Nilishindwa kuiona. Nisamehe, nitakulipa." Zakia akamwambia asijali.

Baada ya Pasaka alipigiwa simu. Ngassa alikuwa amepata kompyuta nyingine, na printa ilikuwa inaikataa. Alipofika, duka lilikuwa limepakwa chokaa upya, lina harufu ya chokaa tu. Ngassa alikuwa amenenepa kidogo.

"Mama Martina hajambo sana," alisema kwa furaha. "Anaimba akiwa jikoni. Pita nyuma umsalimie."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa uani. Limi alikuwa amechuchumaa karibu na mlango wa chumba kilichokuwa cha mtoto, amemkanyaga kuku mabawa, anakinga damu kwenye bakuli dogo la plastiki lenye picha ya sungura. Alikuwa makini isidondoke hata tone. Hapakuwa na sufuria ya maji ya moto karibu, wala moto jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanone. Karibu. Ongea taratibu." Alitabasamu, akaelekeza mlango kwa kidevu. "Sasa hivi hana shida kabisa. Anakula, analala. Bakuli lenyewe huwa hamalizi."

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Zakia aliona kitanda kidogo kimetandikwa shuka safi, na juu ya mto, bila waya wowote, diski yake nyeusi ukubwa wa kipande cha sabuni, taa yake imewaka na imetulia. Inzi walikuwa wameifunika yote isipokuwa ile taa.

"Mama," sauti nyembamba ilisema kutoka juu ya mto ule, yenye pengo la jino ndani yake, "ndiye yule dada aliyenihamisha?"

"Ndiye. Mwamkie."

"Shikamoo, dada."

Zakia amelelewa vizuri. Tangu utotoni hajawahi kuacha salamu ya mtoto ikaanguka chini. Aliniambia kwamba kinywa chake kilijibu chenyewe, kabla akili haijafika, na kwamba tangu saa ile, kila akifungua begi lake la kazi, anakuta inzi wametangulia.

"Marahaba," alisema.